Mwaka Niliosutwa

Kosa langu la kwanza katika uandishi lilikuwa kumfanya muuza samaki amwambie mkewe, "Ewe mke wangu mpenzi, nimerejea kutoka katika shughuli zangu za kila siku. Je, chakula kiko tayari?" Sentensi hiyo nilikuwa nimeiandika na kuifuta mara nyingi, nikihamisha koma huku na kule, na jioni moja, nikiwa peke yangu katika chumba nilichopanga Malindi, nikaisoma kwa sauti ili nisikie uzuri wake. Upande wa pili wa ukuta, uani, mtu akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha mwanamke mtu mzima, kirefu, cha kukatisha pumzi, kisha sauti ikauliza, "Nani kasema?" Nikafunga daftari. Ikauliza tena, "We mpangaji! Nani kasema maneno hayo?" Nikajibu kupitia dirishani kwamba ni muuza samaki. "Wa wapi?" Wa hapa Malindi, nikasema. "Muuza samaki wa hapa Malindi akisema hivyo, mkewe atampeleka kwa mganga. Hebu toka humo, uje unisomee vizuri. Macho yangu mabovu, lakini masikio n'nayo."

Mwenye sauti hiyo alikuwa Bi Salha, mwenye nyumba wangu, na ndiye aliyenifundisha kuandika hadithi, ikiwa kweli alinifundisha. Nasema hivyo kwa sababu mpaka leo sijui hasa alinipa nini. Mwezi uliopita Zainabu, mpwa wake, alinipigia simu kuniambia kwamba Mwalimu, kama tulivyomwita sote, ametangulia mbele ya haki, na kwamba wangesoma hitima Ijumaa baada ya swala. Nikafunga safari kutoka Kilifi, ninakoishi sasa. Njia nzima nilikuwa nikipanga la kusema endapo mtu angeniuliza huyu marehemu alikuwa nani kwangu. Mimi ni mtu wa kupanga maneno, ndiyo kazi yangu, na sikupata hata sentensi moja iliyonyooka. Mama? Alikuwa akinitoza kodi. Mwalimu? Hakuwahi kunieleza kanuni yoyote. Rafiki? Hakunitetea siku niliyomhitaji kuliko siku zote, na hilo ndilo nililolibeba hadi mlangoni kwake.

Ya kwetu Ukambani, na jinsi nilivyoacha shule, sitayaeleza hapa. Inatosha kusema kwamba katika miaka ya themanini, mwaka ule wa ukame tulipokula mahindi ya manjano ya msaada nchi nzima, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nikipiga pasi mashuka katika hoteli ya ufuoni, na Kiswahili changu nilikuwa nimejifunza peke yangu kwenye kamusi iliyokwisha kupoteza kurasa za mwisho, hivi kwamba maneno ya kuanzia W nililazimika kuyapata kwa watu. Nilikuwa na wasiwasi ambao leo unanichosha hata kuukumbuka. Shuka likitoka na mkunjo mmoja pembeni nalirudisha kwenye maji, na msimamizi wetu akaapa kwamba wageni watalala kwenye magodoro matupu wakinisubiri mimi. Kwenye kuandika nilikuwa hivyo hivyo. Herufi moja ikitoka vibaya nachana ukurasa mzima. Niliamini kwamba hadithi nzuri ni ile isiyo na kosa, basi, kama shuka. Na kwa kuwa sikuwa nimemaliza shule, niliona kila kosa ni mlango ambao watu wangeingilia kuja kunitoa.

Chumba changu kilikuwa ubavuni mwa nyumba, na mlango wake ulitazama uchochoro, lakini dirisha lake dogo lilifunguka juu ya ua wa Bi Salha. Ulikuwa ua wa saruji iliyopasuka, wenye birika la kuhifadhia maji pembeni, na majiko mawili ya mkaa ambayo sikumbuki kuyaona yote yamezimwa. Upande wa kushoto, ukuta mfupi wa chokaa ulitutenga na nyumba ya Bi Tima, mwanamke ambaye mumewe alikuwa Arabuni. Uani mle nilikaribishwa kwenye kigoda, nikaambiwa nisome, na kuanzia jioni ile nikawa nasoma karibu kila siku nikitoka kazini, huku Bi Salha akichambua mchele kwa ncha za vidole. Alikuwa amesomesha wasichana miaka mingi mpaka mtoto wa jicho alipomtoa darasani. Alijua kusoma kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na sasa hakuweza kuuona hata mkono wake vizuri. Zainabu, ambaye wakati huo alikuwa msichana mwenye kucheka hovyo, alikuna nazi na kusikiliza.

Masomo yenyewe, kama ni masomo, yalikuwa swali lile moja. Nasoma, nasoma, kisha yeye anasimamisha mkono juu ya ungo na kuuliza, "Nani kasema?" Mwanzoni nilidhani anauliza mhusika gani anayezungumza, kwa hiyo nikaanza kuweka jina kila mahali: akasema Bakari, akajibu Mwanahawa. Akauliza tena, nani kasema? Nikadhani basi anataka ushahidi, kwamba jambo nililoliandika limesemwa na nani mjini, nikaanza kumweleza: hili nimelisikia sokoni, hili kalisema mpishi wa hotelini. "Mpishi wa hotelini simjui mimi," akasema. "Nauliza, nani kasema?" Nikamwambia kwa hasira ndogo, ile ya mtu mwenye adabu, "Mwalimu, sielewi swali." Akasema, "Hata mimi wakati mwingine silielewi. Endelea." Zainabu akacheka mpaka kibao cha mbuzi kikayumba chini yake. Usiku huo nilirudia ukurasa wote, nikijaribu kila tafsiri ya maneno hayo mawili, na asubuhi nikaenda kazini nikaunguza foronya.

Kitu kimoja lakini kilibadilika bila mimi kukusudia. Nilianza kusikia. Nilikuwa nimekaa pwani miaka kadhaa nikiwasikiliza watu kama mtahini, nikihesabu kimoyomoyo nani kakosea sarufi na nani hakukosea. Sasa nikawa nikilala kitandani mwangu nasikia namna Bi Tima anavyomwita muuza maji, "We mwana, maji hayo au machozi? Mbona kidogo hivyo?", na namna muuza maji anavyomjibu, "Shikamoo kwanza, mama, matusi baadaye." Nilisikia mashoga zake wakija alasiri kusukana nywele, wakiteta na kupatana. Na kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Bi Tima alifungua dirisha lake la upande wetu, akaweka redio yake ya kanda pale kwenye kizingiti, na sauti ya mumewe ikatoka, kwa kuwa siku zile walioko Arabuni walijirekodi maneno kwenye kanda na kuwapa wasafiri wawaletee wake zao. "Assalamu alaykum, mama watoto. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Joto kali." Kisha kikohozi. Kisha kuwasalimia jamaa, mmoja mmoja, kwa majina. Bi Salha alikuwa akinyamaza mume wa jirani akizungumza, kama anavyonyamaza mtu aliyeingiliwa na mgeni.

Hadithi niliyoandika mwaka ule, ile iliyoniletea yote haya, ilimhusu mwanamke ambaye mumewe kaenda Arabuni akanyamaza. Hamletei kanda tena. Mwanamke anayo kanda moja tu ya zamani, na kila Ijumaa anafungua dirisha, anaicheza kwa sauti ya juu ili majirani wasikie kwamba bado anazungumziwa. Hayo ya kunyamaza na ya kanda moja niliyabuni. Nataka nieleweke hapa, maana ndipo panaponichanganya mpaka leo: dirisha nililichukua kwa Bi Tima, redio niliichukua kwake, lakini siri ile niliitoa kichwani mwangu mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele ya pasi, na nakumbuka furaha iliyonipata, kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepata kitu ambacho hakuna aliyeniambia.

Nilimsomea Bi Salha mwanzo hadi mwisho na hakunikatiza. Mkono wake ulisimama juu ya ungo mahali fulani katikati na haukuendelea. Nilipomaliza, nilisikia mafuta yakichacharika kwenye jiko la jirani. Akauliza, polepole, si kwa mzaha wake wa siku zote, "Nani kasema?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimebuni."

"Hukusikia popote?"

"Sikusikia popote, wallahi." Nilikuwa Mkristo, lakini kwenye ua ule hata mimi niliapa hivyo.

Akauweka ungo chini. Kisha akasema neno la sifa ambalo nilikuwa nimelingoja tangu siku ya muuza samaki. "Imekaa." Halafu tena, kama anajisemea mwenyewe, "Imekaa, mwanangu." Akaniambia niipeleke redioni. Jumapili alasiri kulikuwa na kipindi walichosoma hadithi za wasikilizaji, na mji mzima ulikisikiliza. Sikulala. Nilianza kuinakili kwa wino, bila kosa, nikichana na kuanza upya, na ndiyo sababu wiki mbili baadaye ilikuwa bado haijafika posta. Mtu mwingine angeipeleka siku ya pili, na huenda mambo yangekwenda njia nyingine. Au pengine yangeharibika zaidi. Nimeyapima yote mawili mara nyingi.

Katikati ya wiki hizo kukawa na harusi mtaani. Zainabu alikwenda kusaidia kumenya vitunguu, na huko, katikati ya masufuria, akawasimulia wanawake hadithi yangu. Aliisimulia kwa kuipenda, namwamini. Lakini hadithi ikipita jikoni kwenye harusi haitoki kama ilivyoingia. Mdomo wa kwanza ulisema kuna mwanamke mmoja. Wa pili ukasema mwanamke huyo jirani. Ilipofika kwa mwenyewe, ilikuwa: Musa kasema kanda za Bi Tima ni za mwaka juzi, mume kamwacha, na yuwachezea watu sauti ya mtu aliyekwishaoa mwingine. Musa ni mimi. Jina langu ni Musyoka, lakini Bi Salha alilikatia pale lilipomshinda, na mtaa ukamfuata.

Msomaji asiye wa pwani huenda hajui kusutwa. Ukimzulia mtu maneno, yeye hakuvizii njiani wala hakupeleki polisi. Huwakusanya wanawake wenziwe, wakavaa mabuibui, wakaja kwako mchana kweupe pamoja na waliobeba neno, na neno lile likarudishwa mdomo kwa mdomo mbele ya watu wote, mpaka likamfikia aliyelianzisha. Hapo akiri au aaibike, na mara nyingi ni yote mawili. Ni jambo la wanawake kwa wanawake. Mwanamume kusutwa, tena mtu wa bara, lilikuwa jambo ambalo baadhi ya waliokuja siku ile walikuja kuliona tu. Nilitoka kazini nikawakuta wamejaa uani. Bi Salha amekaa mahali pake. Hakuna aliyekuwa akipika.

"Huyo kaja," akasema mmoja.

"Mbona mdogo hivyo? Nilidhani mtu mzima!"

"Ulimi ndio mtu mzima, shoga."

Bi Tima alisimama katikati. Alikuwa mrefu, na alisema bila kupaza sauti. "Sikuja kugombana. Nimekuja kusuta. Zainabu, wewe ulisema kwa watu kwamba kanda zangu za zamani. Umesema, hukusema?"

Zainabu alikuwa akilia. "Nilisema hadithi, Bi Tima. Sikusema wewe."

"Umesema, hukusema?"

"Nimesema."

"Nani kasema?" Na nilipousikia msemo ule kinywani mwa Bi Tima, nikageuka bila kukusudia, nikamtazama Bi Salha, kama mwanafunzi anayesikia swali la mtihani ambalo amelifanyia mazoezi mwaka mzima. Uso wake ulikuwa umeelekea jikoni.

"Musa kasema," akasema Zainabu.

Wakanigeukia wote. Nikasema kwamba ile ni hadithi, kwamba mwanamke yule ni wa kubuni. Nilikuwa nikitafuta maneno sahihi, na kadiri nilivyoyatafuta ndivyo yalivyotoka kama yale ya muuza samaki: "Wahusika wote katika kisa hiki..." Kicheko kikaniangukia kama ndoo ya maji.

"Yuwasema nini huyu?"

"Asema kabuni."

"Kubuni ndiyo nini? Si kuzua?"

"Kuzua kwa bara ndiko kubuni!"

Nikasema si sawa, kuzua ni kusema uongo juu ya mtu, na kubuni ni... Sikuijua tofauti yenyewe. Mpaka asubuhi ile ningekuambia tofauti hiyo usingizini. Nikamwomba Bi Salha kwa macho, nikasahau kwamba haoni, kisha kwa mdomo: "Mwalimu, waambie." Mwanamke mmoja akasema, ndiyo, Mwalimu ashuhudie, alisema au hakusema? Na Bi Salha, aliyeijua hadithi ile neno kwa neno, aliyeniambia imekaa, akasema, "Kasema. Mimi nimemsikia."

Nakumbuka sauti ya mwanamke mmoja mnene karibu na birika. Alikuwa upande wa Bi Tima, na alitaka kuimaliza kesi kwa ushindi. Akasema, "Basi, shoga, mmalize huyu. Nenda kalete kanda ya mwezi huu uweke hapa, tusikie sote, afe kwa haya!" Wote wakaitikia, lete, lete. Mimi mwenyewe moyoni nikasema lete, maana ningeomba radhi yakaisha. Bi Tima hakutikisika. Aliutazama ukuta mfupi ulio kati ya nyumba hizi mbili, akavuta buibui lake, akasema, "Basi. Nimeshasuta," akatoka. Wenziwe wakaachwa wamesimama hawajui waondoke kama walioshinda au walioshindwa. Walipokuwa wakitoka hawakunitukana tena. Walinong'ona, na haikuwa juu yangu. Ndipo nilipojua, au nilipodhani najua, kwamba nilichokibuni ni kweli. Nilikuwa nimemvua mtu nguo kwa kubahatisha.

Jioni Zainabu akaniletea sima ya manjano na mchuzi wa papa, kama kila siku. Nikaifunika. Nikaenda uani nikamkuta Bi Salha akipuliza mkaa. Nikamuuliza kwa nini hakunitetea. Akasema, "Ningekutetea nini? Hukusema?" Nikamuuliza, ulijua kwamba ni kweli? Siku ile uliponiambia imekaa, ulisifu hadithi au ulisifu kwamba nimepatia? Hilo ndilo lililokuwa likinichoma kuliko aibu yote, na naona haya kulikiri: kwamba jirani yangu ameumia, na mimi nataka kujua alama zangu. Akaupuliza mkaa mpaka ukashika. "Musa," akasema, "nimechoka leo." Nikasema basi niambie jambo moja tu, niipeleke redioni au nisiipeleke? Akasema, "Hadithi ni yako. Jirani ni wangu."

"Hilo si jibu, Mwalimu."

"Kweli, si jibu."

Siku zilizofuata hakuwa na msimamo, na ningependa kusema kwamba alikuwa akinijaribu, lakini nadhani hata yeye alikuwa amepotea. Asubuhi nikipita na ndoo ananiambia, ipeleke, neno limeshatoka hilo. Jioni ananiambia angekuwa yeye angesubiri. Nikajaribu kuiokoa kwa njia niliyoijua, ya kurekebisha. Nikageuza Ijumaa ikawa Jumanne. Nikaondoa redio nikaweka mashati ambayo mume aliyatuma. Nikamgeuza mwanamke akawa mwanamume ambaye mkewe kaenda Mombasa. Kila jioni nilimsomea toleo jipya, safi zaidi, lisilomgusa mtu yeyote duniani, na yeye akasikiliza mpaka mwisho, kisha kwa sauti ya kuchoka akauliza lile swali lake. Kufikia hapo hadithi ilikuwa imekufa mikononi mwangu, imenyooshwa kama shuka, na nakala ya kwanza, ile iliyokaa, nikaifungia chini ya sanduku. Sikuipeleka. Na dirisha la Bi Tima halikufunguliwa tena Ijumaa. Hilo ndilo nililolisikia zaidi mwaka ule, dirisha lile lililofungwa. Baada ya chakula cha mchana sote watatu uani tulikuwa tukinyamaza, tukisubiri mtu asalimie jamaa kwa majina, na hakusalimia.

Kabla mwaka haujaisha nilipata kazi kwenye hoteli ya Kikambala, nikahama. Siku ya kuondoka nilikuwa nimeandaa maneno ya kumuaga Bi Salha, nimeyakariri. Aliponisikia nimesimama mlangoni akaniambia nimwekee mkaa kwenye jiko la pili kabla sijaenda, maana Zainabu hayupo. Nikaweka. Akasema, "Haya, mwanangu," na hayo ndiyo yaliyokuwa maagano yetu. Nilimtumia salamu mara kwa mara, naye alinirudishia. Baadaye hadithi zangu chache zilichapishwa, na vitabu viwili vidogo vya watoto wa shule, na Zainabu alimsomea, lakini sikuwahi kumuuliza tena aliniambia imekaa kwa sababu gani. Niliogopa jibu. Kila nilichoandika nilikiandika nikijiuliza kama nakibuni au nakiiba, na kama kuna mtu dirishani mwake atakayenyamaza kwa ajili yangu.

Kwenye hitima nilikaa nje na wanaume, kwenye mikeka, nikala pilau ya marehemu na kuitikia dua nilizozijua. Hakuna aliyeniuliza alikuwa nani kwangu. Wakati watu wanaosha mikono, Zainabu, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu na bado hucheka hovyo, akaja kuniambia kuna mtu ukumbini anataka salamu yangu. Alikuwa Bi Tima. Amekonda, ameketi kwenye kiti cha plastiki, lakini shingo ni ile ile ndefu. Nikampa shikamoo. "Marahaba, Musa. Umenenepa. Ile hadithi yangu uliipeleka?"

Nikamwambia sikuipeleka.

"Alaa! Kwa nini?"

Nikamwambia niliogopa kumuumiza zaidi. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta bei ya kitu kilichoharibika. "Mimi nilikuwa nikiweka redio kila Jumapili," akasema. "Mwaka mzima. Nikisikia jina lako tu, nilisema, ndipo nitakapojua yaliyosemwa, maana watu walisema mengi." Nikamuuliza kama alikuwa akiisubiri kwa hofu au kwa hamu. Akasema hakumbuki, na kwamba wakati ule vitu hivyo viwili vilikuwa havijatengana.

Nikaomba radhi, kwa maneno yasiyopangwa. Nikasema nilibuni, sikujua kama ni kweli. Akacheka, na ndipo nilipoona kwamba tangu niingie hajakasirika hata kidogo.

"Kweli nini?" akasema. "Kanda zilikuwa mpya. Kila mwezi mpya, zaja na watu, Salha mwenyewe amewahi kunipokelea. Maneno ndiyo yaliyokuwa yale yale. Marehemu mume wangu hakuwa na la kusema, masikini. Sijambo, joto kali, akakohoa, akawasalimia watu. Kila mwezi hivyo hivyo, miaka na miaka. Sasa wale wanawake wanasema lete kanda. Ningeiletaje? Wangesikia yale yale, wangesema, kumbe Musa kasema kweli." Akajifuta macho kwa pembe ya mtandio, kwa kicheko au kwa kitu kingine. "Bora waseme kaniacha. Kuliko waseme yupo na hana neno."

Nilikaa kwenye ukumbi ule mpaka wanawake wakaanza kukunja mikeka kunizunguka. Kumbe sikuwa nimebuni. Nilikuwa nimelala kitandani Ijumaa nyingi nikisikia maneno yale yale, na sikio langu likapeleka habari mahali ambapo akili haikuulizwa. Lakini pia sikuwa nimepatia, kwa sababu kile nilichodhani kwamba nimekivumbua kilikuwa chepesi kuliko kilichokuwepo. Na Bi Salha, aliyezipokea kanda kwa mkono wake, alijua siku ile kwamba nimekosea, na bado akasema imekaa. Au alisema imekaa kwa sababu nimekosea. Au alikuwa amechoka na mchele. Nilimuuliza Bi Tima anadhani ni lipi. Akasema, "Salha alikuwa mtu wa maneno machache na fitina nyingi, Mungu amrehemu. Mimi ningejuaje?"

Yaliyobadilika tangu Ijumaa hiyo ya hitima ni haya. Niliporudi Kilifi niliitoa nakala ya kwanza, nikaiandika upya kwa kuweka kanda mpya zenye maneno ya zamani, nikampigia Zainabu simu ampe Bi Tima, nikaisoma yote kwa sauti, na makosa yake. Bi Tima alinikatiza mahali pengi na akabadilisha mwisho. Sikuichana wala kuinakili tena. Imeshapelekwa redioni.